Kioo cha kishikwambi cha shule kimepasuka: mzazi unalipa nini hasa?

Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne na kuchomekwa katikati ya daftari la Hisabati. Jirani yangu hapa Nkuhungu, Dodoma, alinipa niisome, yeye akiendelea kuchambua mlenda. Mistari minne tu: jina la mtoto, darasa, maneno "uharibifu wa kishikwambi", na kiasi, shilingi 600,000, zilipwe kabla shule haijafungwa.

"Jirani, hii ni ada au ni faini?" akaniuliza. "Maana kishikwambi chenyewe kipo kabatini na kinawaka. Kona ndiyo imepasuka."

Nikamwambia ada siyo. Kuhusu faini sikuwa na hakika. Jioni hiyo kundi la WhatsApp la wazazi likachemka. Mmoja akasema elimu ni bure siku hizi, asitoe hata mia mbovu. Mwingine akarusha sauti ya binamu yake aliyeko Marekani, anaeleza kwamba kule bima ndiyo inayolipa. Wa tatu akamshauri alipe tu, mama, mtoto asije akarudishwa getini. Kila mmoja alikuwa na hela yake kichwani. Wanaposema "hela ya kishikwambi" wazazi hutumia jina moja kwa hela nne ambazo hazina undugu, na ukilipa moja ukidhani ni nyingine, umeliwa au umekula cha mwenzio.

Kifaa ni cha nani

Kishikwambi ni kile kifaa bapa cha kugusa, kikubwa kuliko simu, kisichokunjwa kama kompyuta mpakato. Wengi tulilizoea neno lenyewe wakati wa Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, makarani walipopita nyumba kwa nyumba wakibofya badala ya kuandika. Baada ya sensa vifaa vile viligawiwa walimu. Katika shule chache, hasa za binafsi, mwanafunzi naye hupewa chake cha kusomea.

Tatizo linaanzia kwenye hilo neno "hupewa". Mtoto anarudi nyumbani anasema, "Baba, tumepewa vishikwambi," na nyumba nzima inaamini kimeshakuwa cha kwake. Hakijawa. Ameazimwa, kama sufuria za mtaa zinavyoazimwa kwenye msiba. Wenye msiba wanakwenda kwa mtunza vifaa, wanahesabiwa sahani, sufuria na viti. Sahani tatu zina ufa, zinaandikwa pembeni. Shughuli ikiisha vinahesabiwa tena, na sahani iliyovunjika inalipwa. Hakuna anayelipishwa seti nzima kwa ajili ya sahani moja, na hakuna anayelipishwa ule ufa uliokuwepo kabla msiba haujaanza.

Sheria yetu inawaza hivyo hivyo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtaka aliyekabidhiwa mali ya mwenzake aitunze kama mtu mwenye busara ya kawaida angetunza mali yake mwenyewe ya aina na thamani ile. Akiitunza hivyo na bado ikaharibika, hawajibiki. Ila kuna mlango wa nyuma: hawajibiki kama hakuna makubaliano maalumu. Ile fomu uliyosaini siku ya kuripoti, huku bajaji inakusubiri nje, inaweza kuwa ndiyo makubaliano maalumu yenyewe. Ikiwa iliandikwa "mzazi atawajibika kwa uharibifu wowote kwa sababu yoyote", umekubali zaidi ya kile ambacho sheria ingekudai.

Jirani yangu alisaini. Nakala hakupewa, wala hakuomba.

Hela nne

Ya kwanza ni amana. Fikiria chupa ya soda ya kioo: unaacha hela ya chupa dukani, ukirudisha chupa unarudishiwa hela yako. Waliosoma bweni wanaijua kwa jina la fedha ya tahadhari kwenye fomu za kujiunga. Amana ni mali yako iliyokaa mkononi mwa shule. Kifaa kikirudi salama nayo irudi, na kikirudi na hitilafu ikatwe kwanza kabla hujaombwa hela nyingine. Wazazi wengi wanailipa Januari, Novemba wameshaisahau, na sijawahi kuona shule ikimkimbilia mzazi barabarani kumkumbusha.

Ya pili ni mchango wa kinga. Hii inafanana na chama cha kufa na kuzikana: kila mwanachama anatoa kidogo kidogo, atakayefikwa anasaidiwa kutoka kwenye chungu, na asiyefikwa hadai kurudishiwa. Ukiambiwa ni elfu kumi kwa muhula "kwa ajili ya matengenezo ya vishikwambi", hiyo ni kinga. Lakini kinga lazima ikinge. Shule haiwezi kukusanya mchango huu kwa wazazi wote halafu kioo kikipasuka ikamletea mmoja bili nzima kana kwamba hakuwahi kuchanga. Uliza mapema: chungu kinalipia nini, na mzazi anajazia kiasi gani?

Ya tatu ni fidia, yaani ile sahani. Ya nne ni faini, ambayo ni adhabu ya kuvunja utaratibu, mfano kuchelewa kurudisha. Fidia inapimwa kwa hasara. Faini haipimwi kwa kitu, ndiyo maana inapenda kujificha ndani ya fidia. Karatasi ikisema "uharibifu" bila kutaja kilichoharibika, uwezekano ni mkubwa kwamba mbili zimechanganywa.

Na yule binamu wa Marekani? Hakudanganya, ila aliongelea kwao. Kule wilaya nyingi za shule za umma huwapa wanafunzi kompyuta ndogo, mara nyingi Chromebook, na utaratibu huo ulienea zaidi baada ya Korona kufunga shule mwaka 2020. Wilaya kadhaa huwatoza wazazi kiasi fulani cha kinga kwa mwaka, nyingine hazitozi, na masharti hayafanani hata kati ya majirani. Sauti yake haiwezi kusoma fomu ya shule ya Dodoma.

Tachi, kioo na vumbi

Turudi kwenye fidia, maana ndiko hela inakopotelea. Swali la kwanza kabisa ni nini kimeharibika. Nilikwenda na jirani hadi kwa fundi simu mmoja karibu na soko la Majengo, si kutengeneza, ni kuuliza tu. Tulibeba picha kwenye simu. Fundi akaikuza, akaniuliza, "Ukigusa pale kwenye ufa, kinasikia?" Kinasikia. "Picha ina doa jeusi au mistari?" Haina. Akatoa kishikwambi cha mteja mwingine kilichokuwa kimelala tumbo wazi mezani, akainua kipande chembamba cha kioo kitupu. "Hii ndiyo tachi. Chini yake kuna kioo chenyewe, kinacholeta picha. Vingine vimegandishwa pamoja, ukibadilisha kimoja unabadilisha vyote. Vingine vinatengana. Cha mtoto wako, mama, inabidi nijue modeli, lakini kama vinatengana hapo ni tachi peke yake."

Tachi, kioo, betri, sistimu chaji, ubao wa saketi wa ndani. Kila kimoja kina bei yake, na ubao mara nyingi ni miongoni mwa vilivyo ghali zaidi. Bili inayosema "kishikwambi" ni sawa na gereji inayokuandikia "gari".

Swali la pili, nani kasababisha, lilinikuta mimi mwenyewe mwaka mmoja kabla. Kifaa cha binti yangu, shule nyingine, kiligoma kuchaji. Nikaletewa shilingi 85,000 za "kuharibu mfumo wa chaji". Nikaomba kwa maandishi kikaguliwe mbele yangu. Fundi wa shule, kijana mpole, akachukua sindano, akachokonoa tundu la chaji taratibu, na kikatoka kidonge cha vumbi lililoshindiliwa na nyuzi za begi, kimeshikana kama ugoro. Akapiga mswaki mkavu, akachomeka waya. Taa ikawaka. Hakuna aliyeniomba radhi, ila ile 85,000 sikuisikia tena.

Wanaoishi hapa hawahitaji kuelezwa vumbi la Dodoma kuanzia Juni mvua zikishasahaulika na upepo ukianza. Linaingia kwenye unga, sembuse tundu la chaji. Huo ni uchakavu wa mazingira. Vivyo hivyo betri: betri za lithiamu huchoka kwa kuchajiwa, na baada ya mizunguko kama 300 hadi 500 nyingi hubaki na takriban asilimia 80 ya uwezo wake wa mwanzo. Kishikwambi cha mwaka wa pili kinachozima saa nane mchana hakijaharibiwa na mtoto. Betri ikivimba na kusukuma kioo kwa ndani, hiyo pia mara nyingi ni uzee au joto, na kifaa kizimwe kisichajiwe tena, maana betri iliyovimba inaweza kuwaka moto.

Kuna pia kasoro za kiwandani. Kifaa kipya huja na waranti, mara nyingi ya mwaka mmoja, inayolipia kasoro za kiwanda ila si kuanguka wala kuingia maji. Ikiwa skrini imeanza kutoa mistari mwezi wa tatu bila kuanguka, shule iende kwa aliyeiuzia kabla haijaja kwako.

Na mahali palipotokea ajali ni muhimu. Kama vifaa hufungiwa kabatini shuleni usiku na asubuhi kimoja kinakutwa kimepasuka, aliyekuwa amekishika ni shule. Kama mwanafunzi mwingine amekisukuma mezani, mazungumzo ni ya wazazi wawili na mwalimu mmoja, si bili ya upande mmoja. Kama mtoto wako amekikalia kwenye bodaboda, basi, mzazi mwenzangu, hapo ni sisi.

Kikiibiwa, wahi polisi siku hiyo hiyo upate namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, na uwe na namba ya utambulisho ya kifaa. Chenye laini huwa na IMEI, ambayo huandikwa kwenye boksi na kwenye mipangilio ya kifaa. Bila RB, "kimeibiwa" na "kimepotea" vinasikika sawa masikioni mwa mhasibu.

Umri wa kifaa

Hapa ndipo bili nyingi zinapotea njia, na si lazima kwa hila. Shule inaangalia bei ya kununua kipya leo na kuandika hiyo. Lakini aliyegonga bodaboda ya miaka mitano halipi pikipiki mpya ya dukani. Fidia inarudisha kilichokuwepo, na kilichokuwepo kilikuwa kimezeeka.

Kimezeeka kiasi gani? Kipimo kimoja kipo tayari katika hesabu za kodi. Sheria ya Kodi ya Mapato huziweka kompyuta na vifaa vyake kundi moja na magari madogo, na humruhusu mfanyabiashara apunguze thamani yake kwa asilimia 37.5 ya kilichobaki, kila mwaka. Tuchukue kifaa kilichonunuliwa shilingi 600,000. Baada ya mwaka mmoja kitabuni kina thamani ya 375,000. Baada ya miwili, 234,375. Baada ya mitatu, chini kidogo ya 146,500. Kiwango hiki kimewekwa kwa ajili ya kodi, hakiilazimishi shule inapodai fidia. Lakini ni namba ambayo mhasibu yeyote anaifahamu, kwa hiyo ukiitaja mezani hutaonekana umeokota maneno barabarani.

Shule nayo ina hoja yake, na si ya kudharau. Kishikwambi cha miaka miwili hakiuzwi dukani. Ili mtoto wako aendelee kusoma, lazima kinunuliwe kipya, na tofauti ile itatoka mfuko gani? Mimi naona kifaa kikiwa kimekufa kabisa kwa uzembe wa nyumbani, kukutana katikati ni haki zaidi kuliko kila upande kung'ang'ania karatasi yake. Kwa kona ya tachi iliyopasuka, hakuna katikati ya kukutania: inalipwa tachi na kazi ya fundi.

Kuna kanuni ndogo inayosahaulika. Ukilipa thamani yote ya kifaa, mabaki yanapaswa kuwa yako, au bei yake ipunguzwe kwenye bili. Kampuni ya bima ikilipa gari lililokwisha kabisa, huwa inachukua bodi. Shule haiwezi kuchukua hela ya kishikwambi kizima kisha ikabaki nacho, ikabadilisha tachi, na Januari ikamkabidhi mtoto mwingine.

Na kiasi kilichoandikwa kwenye fomu? Tuseme ulisaini "600,000 kwa uharibifu wowote". Sheria ile ile ya Mikataba inasema hata mkataba ukitaja kiasi, anayedai anastahili fidia ya kadiri isiyozidi kiasi hicho. Yaani namba ya kwenye fomu ni dari, si sakafu. Sahihi ya mtoto pembeni yake haibebi uzito, kwa sababu aliye chini ya miaka 18 hana uwezo kisheria wa kuingia mkataba. Anayefungwa ni mzazi aliyesaini.

Lakini elimu si ni bure?

Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada katika shule za umma, ukaanza kazi Januari 2016 hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 kidato cha tano na sita vikaingizwa. Kilichoondolewa ni ada na michango ya lazima, katika shule za umma. Shule binafsi inakwenda kwa makubaliano yenu. Na hata shule ya umma, mtoto aliyevunja dirisha kwa makusudi hajawahi kusamehewa na waraka huo, kwa sababu fidia si ada. Ila serikali imerudia mara nyingi kwamba mwanafunzi wa shule ya umma asirudishwe nyumbani kwa sababu ya michango, na sioni kwa nini hela ya kioo iwe na nguvu kuliko mchango wa chakula.

Wengine hukimbilia njia ya tatu: kupeleka kifaa kwa fundi wao kimya kimya, kitengenezwe wikiendi, Jumatatu kirudi kama hakijaguswa. Naielewa tamaa hiyo. Lakini vifaa vingi vya shule vimefungwa kwa programu ya kuvisimamia kutoka mbali, na fundi akikiflashi, yaani akifuta programu zake na kuweka upya, ili kijifungue, kioo cha laki moja kinageuka kosa kubwa zaidi. Waranti, kama ilikuwepo, nayo inaondoka. Fundi wako atumike kutoa kadirio. Bisibisi isubiri ruhusa.

Jumatatu asubuhi

Jirani alikwenda na barua ya nusu ukurasa. Aliomba mambo machache: kifaa kilinunuliwa lini na kwa bei gani, kadirio la fundi linalotaja sehemu iliyoharibika, nakala ya fomu aliyosaini, na kama amana aliyolipa Januari bado ipo. Nilimshauri asianze na sheria, aanze na salamu. Mhasibu ni binti mdogo tu, akamwamkia, "Shikamoo mama," akafungua rejista. Kifaa kilikuwa na miaka miwili na ushee. Amana ya 50,000 ilikuwepo, imeandikwa kwa kalamu nyekundu.

Kama angezungushwa, hatua iliyofuata ingekuwa bodi ya shule, kisha ofisi ya elimu ya jiji au wathibiti ubora wa shule. Haikufika huko. Kadirio lilikuja baada ya siku nne: tachi na ufundi, 130,000. Ikatolewa amana, ikabaki 80,000, akaruhusiwa kulipa mara mbili. Aliondoka na risiti, na safari hii aliisoma pale pale dirishani kabla ya kuikunja. Mahali pa maelezo palikuwa pameandikwa "uharibifu wa kishikwambi". Akairudisha, mhasibu akacheka, akaandika nyingine: "kubadilisha tachi".